Mtoto Akienda Kupasuliwa: Je, Imani Inahitaji Uongo?

Somo: Yohana 11:1-15, Mathayo 5:37



Kuna swali ambalo wazazi hutuuliza sisi wachungaji wakiwa wamesimama, mkono tayari uko kwenye mlango. Wamekuja kuombewa mtoto anayeenda kufanyiwa operesheni. Tunaomba, tunasema amina, mtu anageuka kuondoka, halafu anarudi nusu na kusema kwa sauti ya chini, "Pasta, lakini mtoto mwenyewe bado hatujamwambia. Tumwambie?"

Operesheni yenyewe mara nyingi ni ya kawaida. Ni mafindofindo, ama ngiri ambayo wengi wetu tunaiita henia, ama mguu uliopinda, ama mkono uliovunjika ukaunga vibaya. Tarehe imeshatolewa. Mambo ya SHA yameshughulikiwa. Kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa na michango inaingia. Shangazi aliye Mombasa anajua. Mwalimu wa watoto hapa kanisani anajua. Bosi wa baba anajua, manake ruhusa imeombwa. Watu hamsini wanajua kwamba Alhamisi mtoto huyu atapasuliwa tumbo. Asiyejua ni mmoja tu, na ndiye mwenye tumbo.

Ukiuliza kwa nini, utapata majibu matatu. La kwanza ni huruma: tusimtie hofu bure, acha afurahie siku zake. La pili ni umri: huyu ni mtoto, hataelewa. La tatu ni la kiroho, na ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Mzazi anasema, "Pasta, sisi tunakiri uzima. Nikianza kumwambia mtoto habari za kisu na maumivu, si nitakuwa ninakiri vibaya?" Kwa hivyo asubuhi ya safari mtoto anavalishwa viatu vizuri na kuambiwa wanaenda mjini kula chipsi.

Swali langu ni hili, na ningependa tulipime pamoja kama watu wazima katika Bwana. Uongo unaosemwa kwa upendo, kwa mtoto, kabla ya kupasuliwa, je, ni upendo? Na je, imani yetu inauhitaji?

Neno moja, maana mbili

Tuanze na lugha, manake lugha yetu yenyewe imetuwekea mtego hapa. Mtoto akiuliza atafanywa nini hospitalini, mzazi mwenye haraka humjibu, "Daktari atakulaza kidogo." Ama, "Utalala tu." Kwa mzazi hilo ni neno laini. Lakini hebu fikiria mtoto huyo amelisikia wapi. Juzi alipelekwa kwenye mazishi ya babu yake. Aliona sanduku, akauliza babu ana nini, akaambiwa babu amelala. Mhubiri akasema babu amelala katika Bwana. Babu hakuamka. Watu walilia, kisha wakamfukia. Sasa ni wewe unamwambia, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba Alhamisi yeye pia atalazwa.

Msidhani hili ni tatizo la watoto peke yao. Someni Yohana 11. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba rafiki yao Lazaro amelala, na kwamba anaenda kumwamsha. Hao walikuwa watu wazima waliotembea naye, na bado walielewa vibaya. Walidhani anasema usingizi wa kawaida, wakaona hiyo ni dalili nzuri kwa mgonjwa. Sasa angalia Yesu alifanya nini. Hakuwaacha watembee mpaka Bethania na faraja isiyo ya kweli. Mstari wa 14 unatuonyesha kwamba aliwaambia waziwazi kuwa Lazaro amekufa. Na kumbuka huyu ndiye aliyejua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini kwa miguu yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuuruka ukweli kwa kuwa mwisho utakuwa mzuri, ni yeye. Hakuuruka.

Kwa hivyo mzazi, tenganisha hizo "kulala". Usingizi wa hospitali si ule wa babu, na pia si ule wa nyumbani. Nyumbani mtu akikugusa unaamka, na mtoto mwerevu atakuuliza, "Si nitaamka wakinikata?" Ni swali zuri sana. Mwambie kwamba huu ni usingizi wa dawa. Dawa inapitia kwenye maski anayopumulia, ama kwenye mshipa wa mkono, na muda wote inapofanya kazi hatasikia kisu. Mwambie pia kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni huo usingizi tu. Anaweza kuwa daktari wa usingizi, ama kama ilivyo katika hospitali zetu nyingi, afisa wa kliniki au nesi aliyesomea kazi hiyo. Huyo anakaa karibu naye tangu mwanzo mpaka mwisho, akiangalia pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni. Operesheni ikiisha, dawa inasimamishwa, mtoto anaamka. Hata neno "kulazwa" likitumika kwa maana ya kupewa kitanda wodini, mweleze. Sisi tumelizoea, yeye bado.

Kukiri si kukana

Wengine bado wanaona kama dawa ya usingizi na imani haviketi meza moja. Hebu tukumbuke tulikotoka. Zamani mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu ndipo akatwe, awe mkubwa ama mtoto. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimpa mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe ukaondolewa shingoni. Mwaka 1847, kule Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kutumia klorofomu kwa akina mama wanaojifungua. Pingamizi za kidini hazikukosa, naye akaandika kijitabu kuzijibu. Moja ya hoja zake ilikuwa Mwanzo 2:21, pale Mungu alipomletea Adamu usingizi mzito kwanza, ndipo akautoa ubavu. Kwa hivyo ukisaini fomu ya dawa ya usingizi hujamkosea Mungu.

Lakini vipi kuhusu kukiri? Mimi ni mtu wa kukiri Neno. Ninaamini kinywa kina nguvu. Ila tusichanganye kukiri na kukana. Warumi 4:19 inamsifu Ibrahimu kwa jambo ambalo tunalipita haraka: aliuangalia mwili wake, akaona kwamba umezeeka na kuisha, na imani yake haikudhoofika. Hakusema yeye ni kijana wa miaka ishirini. Alikiri ahadi ya Mungu huku umri wake akiujua vizuri. Na Bwana wetu pale Gethsemane, Mathayo 26, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake imejaa huzuni kiasi cha kufa. Je, tuseme Yesu alikiri vibaya?

Imani inayohitaji mtoto asijue kuna kisu ni imani inayoogopa kisu. Ile ya kweli inaweza kusema kisu kipo, maumivu yapo, na Mungu yupo, katika sentensi moja.

"Lakini Rahabu alidanganya"

Kwenye ushirika wa nyumbani ndugu mmoja alinipa changamoto. Alisema, "Pasta, Rahabu alidanganya akawaokoa wapelelezi, na wakunga wa Misri hawakumwambia Farao ukweli wote. Kwa nini mama asidanganye kidogo ili mtoto asiteseke?" Ni hoja nzito na haifai kujibiwa kwa kuinua sauti.

Jibu langu ni kwamba tuangalie uongo ulisemwa kwa nani. Rahabu aliwadanganya waliokuwa wakitafuta watu wa kuua. Wakunga walimficha muuaji. Kati yao na hao hapakuwa na uaminifu wa kulinda. Mtoto wako si mpelelezi wa Farao. Yeye ndiye anayehitaji kulindwa, na kitu anachokitegemea katika ulinzi huo ni neno lako. Hana cheti cha kusoma, hawezi kuuliza daktari mwingine, hawezi kutafuta kwenye simu. Akiwa mbele ya mlango wa thieta, kila kitu ni kigeni: harufu, kofia, taa, watu waliofunika mdomo. Anachokijua pale ni mama alisema nini. Kama mama alisema ni chipsi, basi hana chochote cha kushika.

Nilisomea biashara kabla sijaingia kwenye huduma, na hapa ile elimu inanisaidia. Uongo wa kutuliza ni kama mkopo wa simu. Unabonyeza, pesa inaingia, asubuhi hiyo inapita bila kilio. Riba inakuja baadaye. Siku utakapomwambia dawa hii si chungu, atakataa kufungua mdomo. Siku ya kutolewa nyuzi, atapiga mateke kabla hajaguswa. Siku moja atakuwa na miaka kumi na minne, ana jambo zito la kukuambia, na atakumbuka kwamba wakati wa jambo zito, nyumba hii husema chipsi. Sisi wakubwa tunaogopa kuorodheshwa CRB. Mtoto naye ana CRB yake moyoni, na huko hakuna cheti cha kusafishwa kwa siku moja.

Tena, mzazi, wewe mwenyewe uliambiwa. Daktari alikuketisha akakueleza faida na hatari, ukauliza maswali, ndipo ukasaini. Ungeonaje kama wangekuficha? Kama wewe mwenye mtoto ulistahili kuambiwa, mwenye mwili naye anastahili, kwa kipimo chake.

Wanaosema mtoto haelewi, nawapa kisa hiki. Mwaka 1952 huko Uingereza, James Robertson alitengeneza filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa ajili ya ngiri ya kitovu. Enzi hizo hospitali nyingi za huko ziliwazuia wazazi, wakaingia kwa muda mfupi tu. Filamu haionyeshi mtoto wa fujo. Inaonyesha mtoto anayejikaza asilie, na anayeuliza mama yuko wapi. Madaktari wengi walikasirika walipoiona. Lakini mwaka 1959, kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao kwa uhuru, na akina mama walazwe pamoja na wadogo. Mtoto aliyenyamaza si lazima awe ametulia. Wakati mwingine ameacha tu kutuuliza.

Maziwa kwanza, kisha chakula kigumu

Sasa, kusema ukweli si kumwaga kila kitu. Paulo aliwapa Wakorintho maziwa kwa sababu hawakuwa tayari kwa chakula kigumu. Maziwa ni chakula cha kweli, yamepimwa tu. Kuna tofauti kati ya kutosema yote na kusema lisilo kweli. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kujua urefu wa kisu. Anahitaji kujua kwamba kesho mtaenda hospitali, daktari atatengeneza tumbo, atalala usingizi wa dawa, na mama atakuwa karibu. Ushauri wa kawaida ni kwamba mdogo kama huyo aambiwe siku moja ama mbili kabla, ili asibebe mzigo mrefu. Wa shule aambiwe siku kadhaa mapema, hata wiki, apate nafasi ya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Cheza naye. Mfunike mwanasesere pua kwa kikombe cha plastiki, mhesabu pumzi. Mwambie dawa ya maski ina harufu ya ajabu.

Akiuliza kama itauma, usiseme haitauma. Sema, "Ukiwa umelala hutasikia. Ukiamka tumbo litauma, tutamwambia nesi akupe dawa ya kupunguza." Sindano ikiwepo, sema ipo. Na wazazi, tuache ile tabia ya kumwambia mtoto, "Ukilia nitamwita daktari akudunge." Umemfanya daktari kuwa askari, halafu leo unataka amwamini amlaze.

Mwambie pia kwamba hii si adhabu. Watoto wengi, wasipoelezwa, hujieleza wenyewe, na maelezo yao huwa ni kwamba walikosa: nilimpiga mdogo wangu, ndiyo maana ninapasuliwa. Katika Yohana 9 hata wanafunzi walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi mpaka yule mtu akazaliwa kipofu, naye akasema si yeye wala wazazi wake. Mtoto wako asikie hivyo kutoka kinywani mwako. Na mvulana asiambiwe wanaume hawalii. Yesu alilia, tena katika sura ile ile ya Lazaro.

Kufunga kusiko kwa maombi

Hapa nasimama kidogo kwa sababu ni jambo la uhai. Mtoto ataambiwa asile. Kwa kawaida ni masaa 6 bila chakula, na maziwa ya ng'ombe ama ya kopo huhesabiwa kama chakula. Masaa 4 bila maziwa ya mama kwa anayenyonya. Na maji matupu huruhusiwa mpaka masaa 2 kabla. Hospitali yako itakupa saa zake, na hizo ndizo za kufuata. Sababu ni hii: mtu aliye macho, chakula kikipanda kooni, mwili unakohoa na kuilinda njia ya pumzi. Dawa ya usingizi inaulaza huo ulinzi pia. Kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo mtoto yuko hatarini.

Mtoto wa kanisa akisikia "utafunga", anadhani ni mfungo wa maombi. Mweleze sababu yenyewe. Waelezeni na nyanya na jirani, manake mara nyingi biskuti hutoka kwao, kwa huruma, nyuma ya mlango: "Kula haraka, usimwambie daktari." Huo ni uongo wenye upendo, na unaweza kuua. Kama mtoto amekula, sema. Operesheni itaahirishwa, mtaonekana wabaya kwa nusu saa, mtarudi siku nyingine. Vivyo hivyo sema akiwa na kikohozi ama homa. Sema kama amepewa dawa za kienyeji, kama ana jino linalolegea, kama kuna jamaa aliyewahi kupata shida kubwa na dawa ya usingizi. Kutaja kikohozi mbele ya daktari si kukosa imani. Aliye kichwani pa mtoto wako anafanya kazi kwa habari ulizompa.

Na wakati wa kuamka, jiandae. Watoto wengine huamka wakilia na kurusha mikono, macho wazi lakini kama hawamtambui hata mama. Madaktari wanaijua hali hiyo. Inatokea dawa inapoisha, na mara nyingi hupita ndani ya nusu saa. Nawasihi, hasa sisi watu wa maombi, msianze kukemea mapepo pale wodini. Mwite nesi, mshike mtoto asianguke, taja jina lake polepole, omba kwa sauti ya chini.

"Nitakufa?"

Liko swali moja ambalo nadhani ndilo linalowafanya wazazi wengi wanyamaze. Wanajua kwamba mtoto akijua, atauliza, "Nitakufa?"

Nilikuwa kwenye benchi ya hospitali pamoja na baba mmoja wakati mwanawe wa miaka saba alipouliza hivyo. Ilikuwa asubuhi mapema, mtoto amevaa gauni ya hospitali inayomzidi. Baba alinitazama. Nilijua anachotaka: pasta aseme "hapana, kwa jina la Yesu," na swali liishe. Nilinyamaza, kwa kuwa aliyeulizwa alikuwa baba.

Baba alikaa kidogo, kisha akasema, "Madaktari wanaamini utaamka. Na mimi ninaamini. Hii kazi wanaifanya kila siku. Mimi nitakaa kwa hii benchi, hata chai siendi kunywa. Na huko ndani ambako mimi siruhusiwi kuingia, Yesu anaingia."

Mtoto akafikiri, akauliza, "Atavaa kofia ya kijani kama wao?"

Baba akasema, "Hiyo sijui."

Mtoto aliamka, na kitu cha kwanza aliulizia soda. Lakini nataka mlipime jibu la baba kana kwamba hatujui mwisho. Pima kila sentensi. Madaktari waliamini hivyo, kweli. Yeye aliamini, kweli. Angekaa kwenye benchi, hilo lilikuwa mikononi mwake. Yesu huingia tusikoingia, hilo ndilo tunalolihubiri kila Jumapili. Hata kofia, alikiri hajui. Hakuna neno moja pale ambalo lingegeuka kuwa uongo hata kama habari ingekuja mbaya. Na mtoto alipoingia alikuwa na kitu cha kushika.

Wapo kati yetu waliopeleka mtoto na hawakurudi naye. Hamkukosa imani, wala si neno fulani mlilosema ama kutosema lililofanya hivyo. Nawataja kwa sababu ni kwa ajili yenu pia tunapaswa kuacha kuahidi kwa niaba ya Mungu mambo ambayo hakutuahidi. Anayesema "hakuna kitakachotokea, nakuhakikishia" anamweka Mungu saini kwenye hundi ambayo Mungu hakuiandika.

Kwa hivyo ahidi kilicho chako. Ahidi kukaa. Ahidi kumwambia nesi akiumwa. Na hata hapo uliza kwanza: kama hospitali hairuhusu mzazi kwenye chumba cha kuamkia, usiseme, "Ukifungua macho utaniona." Sema, "Ukifungua macho utamwona nesi, halafu utaletwa kwangu." Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo. Hakuweka umri ambao amri hiyo inaanzia.

La kufanya wiki hii

Kama una mtoto mwenye tarehe ya operesheni, keti naye, simu ikiwa mbali, na umuulize kwanza anajua nini. Utashangaa. Wengi wameshasikia vipande kupitia mlango na wamejaza pengo kwa mambo ya kutisha kuliko ukweli. Sikiliza, rekebisha, jibu alichouliza, kisha nyamaza aulize tena. Usipojua jibu, sema mtamuuliza daktari pamoja, na kweli mmuulize.

Halafu mlete ibadani. Kuna desturi yetu ambayo ningependa tuibadilishe. Tunamwita mzazi mbele, tunaomba kwa nguvu juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto anabaki akijiuliza ni kesi ya nani. Kuanzia Jumapili hii tutapiga magoti tuwe urefu wake. Tutamwita kwa jina, tutamuuliza mwenyewe angependa tumwombe Mungu nini, na hicho ndicho tutakachoomba, pamoja na mikono ya daktari, na usingizi, na kuamka, na maumivu ya siku ya pili. Walio tayari kwenda kukaa kwenye benchi na mzazi mwenzao asubuhi ya operesheni, waache jina na siku wanayoweza kwa mzee wa zamu.

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu.